Mshenga wa Injini

Moshi wa gari una rangi tatu, na kila rangi ina kesi yake. Mweusi, gari linakula petroli kama mgeni wa arusi asiyejulikana amealikwa na nani. Mweupe, linakunywa maji. Wa buluu ndio ule ambao fundi akiuona hutafuta mahali pa kuweka uso, maana hayo ni mafuta ya injini yanayoungua, na hayaungui mpaka kitu kiwe kimeharibika ndani, kule mkono usikofika. Asubuhi ile ya Aprili, mwaka wa 2005, gari la mwalimu Mwihaki lilikuwa likitoa moshi wa buluu uliofunika gereji nzima pale Kileleshwa. Ulipanda hadi kwenye mikaratusi, ukateremka mtoni, kisha ukaingia katika kibanda cha chai cha Peres na kukaa kwenye benchi kama mteja.

"Baba Kasyoka!" Peres aliita, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria. "Kwani na nyinyi mnachagua Papa?"

Watu wakaangua kicheko. Wiki hiyo redio zote zilikuwa Roma, zikingoja moshi.

"Wa Papa ni mweupe," dereva mmoja wa teksi akajibu akiwa na mandazi mdomoni. "Huu ni shetani ameteua naibu wake."

Ndeti, huyo Baba Kasyoka aliyeitwa, hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye aliyewasha mizaha ya pale, na wengine wakaota moto. Lakini sasa alikuwa amesimama nyuma ya gari, mikono kiunoni, akiutazama moshi kama mtu anayemtazama mkwe aliyekuja mlevi. Injini ile ilikuwa na siku tatu tu tangu waifunge. Walikuwa wameing'oa ya zamani, iliyochoka kiasi cha kunywa mafuta kila wiki, na mahali pake wakaweka nyingine iliyotoka Japani, ya mtumba lakini nzima, waliyoichagua wenyewe kule Barabara ya Kirinyaga. Na bado gari lilikuwa linafuka, tena kuliko mwanzo.

Mwalimu Mwihaki, aliyekuwa amekuja kulichukua, alifunga mlango wa Corolla yake ya mwaka themanini na mbili, polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Fundi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kungoja darasa linyamaze, "nilikuletea gari la moshi. Umenirudishia gari la moshi. Kama ni gari la moshi nilitaka, si ningeenda steshoni?"

Kibanda kikalipuka. Hata Peres alilazimika kuweka birika chini.

Mtu aliyechekwa na wateja wake hutafuta wa kumgawia kile kicheko. Ndeti akageuka kumtafuta Mbuthia.

Mbuthia na Ndeti walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Walifutwa kazi siku moja kutoka gereji kubwa ya Eneo la Viwanda, kwa kosa moja, la kulala chini ya lori moja, na jioni hiyohiyo wakakubaliana kwamba watu waliolala pamoja na kufutwa pamoja hawana budi kula pamoja. Mkamba wa Mwala na Mkikuyu wa Kangemi. Watu walisema ule ushirika hautaiona Krismasi. Ukaziona Krismasi kumi na tisa, kila moja na ugomvi wake.

Katika gereji yao kulikuwa na desturi ambayo huipati kwingine. Injini ya mtumba huuzwa ikiwa imelala sakafuni, haina gari wala betri, na huwezi kuiwasha uisikie. Kwa hivyo mmoja huondoa plagi na kuliziba tundu lake kwa kidole gumba, huku mwenzake akiizungusha injini kwa spana ndefu. Pistoni ikipanda, upepo hukisukuma kidole. Injini iliyochoka hupumua kama mzee anayepanda ngazi. Injini nzima hukirusha kidole kando, pwa, kama kizibo cha soda.

Kidole cha Ndeti kilikuwa kama kwato. Ungekiweka kwenye upepo wa kusi kikakwambia hali ni shwari. Lakini kidole cha Mbuthia kilikuwa na elimu. Kingekwambia silinda ya tatu ina unyonge kidogo kuliko ya pili, na kwamba muuzaji ametia mafuta mazito usiku wa jana ili kuuficha unyonge huo. Kwa hivyo kila injini iliyoingia pale ilipita kwanza chini ya kidole cha Mbuthia, na kwa sababu hiyo wakamwita mshenga. Na kwa mzaha, siku za mwanzo, wakatunga sheria: mshenga akileta bibi arusi mbovu, atavua ovaroli mbele ya watu na kwenda zake. Walicheka sana siku ile. Kwa miaka kumi na tisa hakuna bibi arusi aliyerudishwa, na sheria ikabaki kitu cha kuwatisha wauzaji.

"Mshenga!" Ndeti alifoka. "Njoo uone harusi yako!"

Mbuthia akaja akijipangusa mikono kwa kitambaa, mtu mrefu, mwembamba, aliyezidi kukonda tangu mwaka uliopita. Aliinama, akaunusa moshi, akakunja uso.

"Ni mafuta," alisema.

"Hata Peres anajua ni mafuta! Nakuuliza yametoka wapi. Si wewe uliweka kidole?"

"Niliweka. Silinda zote nne. Ilikuwa nzuri, Mkamba. Ilinirusha mkono."

"Ilikurusha mkono? Basi kidole kililala! Ama," na hapo Ndeti aliwatazama watu benchini, akaona bado wana mabaki ya kicheko usoni, "ama kilipewa chai na yule muuzaji?"

Kicheko kikafa. Peres akasema, "Aa, Baba Kasyoka, hiyo sasa imepita mpaka."

Ndeti alijua imepita. Lakini neno ni kama gari lisilo na breki kwenye mteremko: ukishalisukuma huwezi kulikimbilia mbele yake.

"Basi kama si chai," akasema, "sema sukari imeshakula kidole. Sema tu! Kuliko kutuletea takataka na kutuambia ni injini."

Ni Ndeti peke yake, pale gerejini, aliyejua habari za ile sukari. Mbuthia alimwambia mwaka uliopita, wakiwa wawili chini ya Peugeot: kwamba daktari amempata na ugonjwa wa kisukari, kwamba nyayo zimeanza kufa ganzi, na kwamba daktari alisema asipojiangalia, mikono nayo itafuata. Alimwambia usoni pa injini, kwa sababu kuna mambo mwanaume hawezi kuyasema akitazamwa.

Sasa Mbuthia alikiinua kidole gumba chake cha mkono wa kulia, akakitazama. Alikigeuza huku na huku, kama kitu alichokiokota barabarani. Mbele ya watu wote wale alikuwa amepewa viti viwili, cha mwizi na cha mgonjwa, na ilibidi akalie kimoja.

"Labda," alisema. "Labda imekula."

Akavua ovaroli. Aliikunja vizuri, mikono ndani, akaiweka juu ya boneti ya Corolla. Akachukua koti lake kwenye msumari na kuondoka kuelekea barabarani, na hakuna aliyemwita. Ndeti alifungua mdomo, ila kilichotoka ni kikohozi. Moshi.

Magomvi yao yote ya nyuma yalikuwa na saa yake ya kuisha. Wakikosana Jumatatu, kufikia Alhamisi mmoja angekuta chai ya mwenzake imeshaagizwa kwa Peres, na hakuna atakayesema neno. Ndeti aliagiza vikombe viwili Alhamisi ile. Kimoja kikapoa. Peres akakimwaga bila utani wowote, na Peres akikosa utani ujue mambo ni mazito.

Ndeti akabaki na gari.

Alifungua plagi zote nne akazitazama kwenye jua. Zilikuwa kavu, rangi ya biskuti. Injini inayokunywa mafuta haiwezi kuwa na plagi kavu. Hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Macho yaliona, hasira ikakataa. Alisema labda zimekauka kwa sababu ni mpya. Akapima nguvu za silinda: nzuri, zote nne, ndugu wa tumbo moja. Akasema kipimo kimeharibika. Akakiazima cha gereji ya jirani. Nacho kikasema vilevile. Kama angalikuwa Mbuthia pale, wangalibishana, na katika kubishana ukweli ungaliponyoka kama sungura kichakani. Lakini mtu akibishana na nafsi yake hushinda kila mara, na huo ndio ubaya wake.

Akakifungua kichwa cha injini. Akabadilisha mipira ya valvu iliyokuwa mizima akaweka mingine mizima. Akafunga. Akawasha: moshi. Akazima upesi kabla benchi halijaamka. Kila siku aliliwasha dakika tano na kulizima, kwa aibu, kama mtu anayeonja pombe kwa kujificha. Wala hakulitoa barabarani hata siku moja. Angelitoaje? Apite Kileleshwa nzima na wingu la buluu nyuma yake, watu waseme, wale ndio mafundi wa mtoni?

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi, mwalimu Mwihaki alikuja na kanga nyeusi mabegani.

"Fundi, nipe gari langu."

"Mwalimu, bado kidogo tu, nimeshaikaribia..."

"Nipe hivyohivyo. Shangazi yangu anazikwa leo Limuru. Likifuka, lifuke. Shangazi mwenyewe alikuwa anavuta kiko, hatakasirika."

Ndeti akafunga boneti. Alichukua kibuyu cha plastiki cha mafuta ya injini, akakipakata, akaingia kiti cha mbele. "Nitakusindikiza," alisema. "Litakunywa njiani. Nitakuwa naongezea."

Wakashika Waiyaki Way. Hadi Kangemi moshi ulikuwa mwingi kiasi kwamba dereva wa lori nyuma yao aliwasha taa. Ndeti alijikunja kitini. Pale ndipo nyumbani kwa Mbuthia, na aliomba Mungu asiwe amesimama kituoni. Uthiru wakapigiwa honi. Mwalimu, ambaye alikuwa amechelewa na hakuwa na muda wa kuona haya, alikanyaga mafuta mpaka mguu ukafika mwisho, na Corolla, ambayo kwa wiki tatu ilikuwa haijapewa ruhusa ya kupumua, ikaufungua mdomo na kukimbia.

Kule kupanda baada ya Kikuyu, Ndeti aliinua macho kwenye kioo cha pembeni. Moshi ulikuwa umepungua. Alifikiri ni ukungu wa kule juu unaouficha. Walipofika Rironi aliona lami nyuma yao ikiwa safi, nyeusi, ikiteleza kwa mvua, na gari la nyuma yao limezima taa.

"Mwalimu, simama."

"Nimechelewa!"

"Simama, tafadhali, mama. Dakika moja."

Akashuka. Akatoa mfukoni leso yake nyeupe, akaziba nayo mdomo wa ekzosi, injini ikiunguruma. Akahesabu hadi thelathini. Akaiondoa. Ilikuwa na unyevu tu. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta: yalikuwa palepale yalipokuwa Kileleshwa. Injini haikunywa hata tone.

Alisimama pembeni ya barabara, baridi ya Limuru ikimpiga, na jambo lote likajipanga mbele yake kwa utaratibu, kama watoto wa mwalimu kwenye foleni. Mafuta hayakuwa yanatoka kwenye injini. Yalikuwa yamelala ndani ya sailensa, lile tumbo la chuma lililo chini ya gari, yakichomwa kidogokidogo. Dakika tano za kuwasha na kuzima hazikulipasha moto tumbo lile hata siku moja, ziliyatokosa tu. Yangekuwa yameisha siku ya kwanza, kama fundi asingeona haya kuliendesha gari.

Na yaliingiaje? Hilo nalo alilijua. Injini iliyolala muda mrefu haiwashwi kavu. Hutiwa mafuta kidogo kwenye matundu ya plagi ili pistoni zisikwaruze. Mbuthia alisema kijiko kimoja kila tundu. Ndeti alisema kikombe. Walibishana juu ya kijiko na kikombe kwa miaka kumi na tisa, na kwa ajili ya amani walikubaliana na kijiko. Ila asubuhi ya kuifunga injini hii, kabla Mbuthia hajafika, Ndeti alikuwa ametia kikombe chake kimyakimya. Injini ilipowaka, iliyatema yote nyuma.

Kitu kimoja tu hakikumwingia. Kikombe kimoja hakiwezi kufuka wiki tatu.

"Imepona?" Mwihaki aliuliza kutoka dirishani.

"Haikuwa inaumwa," Ndeti alisema.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda Kangemi. Alikuwa ameifua ovaroli ya Mbuthia kwa mikono yake, akaipiga pasi, jambo ambalo ovaroli ile haikuwahi kufanyiwa tangu izaliwe. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angesema: mshenga, bibi arusi ni bikira, mimi ndiye mlevi. Angesema mbele ya Peres, mbele ya yule dereva wa teksi, mbele ya benchi zima. Angepiga magoti kama ni lazima, ingawa magoti yenyewe yalikuwa na malalamiko yake.

Waceke, mke wa Mbuthia, alimfungulia mlango. Aliitazama ovaroli lakini hakuipokea.

"Baba Kasyoka," alisema. "Umesikia leo?"

"Nisikie nini, Mama Shiko?"

Akamkaribisha ndani. Alimpa kiti, akamtilia chai, kwa sababu Waceke hakulelewa kusema habari mbaya na mgeni hajashika kikombe. Kisha akaketi.

"Alipotoka kwenu alianza na sindano," alisema. "Ile ya kushonea. Kila asubuhi, kabla ya kunawa, anajidunga hapa, kidoleni. Ananiuliza, 'Mama Shiko, hii nimesikia, ama nimekumbuka tu kusikia?' Mimi namwambia umesikia, si umeruka! Ananiambia mtu anaweza kuruka kwa mazoea. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Nikaificha sindano, akatumia pini. Kidole kikavimba, akakificha mfukoni siku tano. Na wewe unajua sukari na kidonda."

Ndeti alikishika kikombe. Hakunywa.

"Walikikata Jumatano," Waceke alisema. "Walisema ni kidole ama mkono."

Hospitali kubwa alikolazwa iko Upper Hill, na saa ya wageni ilikuwa imekaribia. Ndeti aliiacha ovaroli kwenye kiti cha Waceke. Njiani alinunua machungwa, maana huwezi kuingia wodini mikono mitupu, na alipanda ngazi akiwa bado na zile habari zake njema kifuani. Hazikuwa zimebadilika hata neno. Lakini kila ngazi aliyopanda ziligeuka kidogo, kama maziwa.

Mbuthia alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, mkono wa kulia umefungwa bandeji kama ngumi ya bondia. Alipomwona, uso ukamfunguka.

"Mkamba! Na machungwa! Umemuua nani?"

"Nimekuja kukuona, bwana."

"Karibu, keti. Usikalie mguu wangu, huo bado natumia." Akainua bandeji. "Umeona? Wameninyang'anya spea. Nimewauliza kama wana ya Japani, wakasema hawaweki stoo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Ndeti alijaribu, midomo ikakataa.

"Wacha sura ya matanga," Mbuthia alisema, akishusha sauti. "Sikiza nikwambie. Nilikukasirikia. Siku mbili, tatu, nilitamani nikukute njiani na gari isiyo na breki. Halafu nikaona, huyu mtu amesema kweli. Kidole kilikuwa kimekufa na mimi mwenyewe nilikuwa sitaki kuzika. Afadhali wewe ulisema. Kwa hivyo walipokuja na karatasi ya kuweka sahihi, niliweka haraka. Nikajiambia, wanakata maiti. Mtu halilii maiti ya kidole." Akatabasamu. "Hata usiku nalala."

Ndeti alikuwa amekuja kumrudishia mtu jina lake, sasa akaona mtu mwenyewe amejitengenezea mto wa kulalia kutokana na uongo, na amelala. Akinyamaza, Mbuthia atabaki mgonjwa aliyepoteza kidole kilichokufa. Akisema, atakuwa fundi aliyesema kweli, akakatwa kidole kizima.

"Ile injini mliirudisha?" Mbuthia aliuliza. "Yule jamaa alikubali?"

"Tuli..." Ndeti alianza.

Akakutana na macho yake. Kwa miaka kumi na tisa mtu yule alikuwa akisikia, kwa namna Ndeti anavyovuta pumzi tu, kama nati imekaza kweli au amemwambia mteja imekaza. Na huko mtoni watu wa benchi bado walikuwa wakisema mshenga alipewa chai.

"Hatukuirudisha," Ndeti alisema. "Iko kwa gari. Jana ilienda Limuru na kurudi. Haitoi moshi, Mbuthia. Haijawahi kutoa. Ilikuwa mafuta kwa sailensa. Mimi ndiye niliyamwaga. Nilitia kikombe asubuhi kabla hujafika."

Mbuthia aliinamia bandeji yake. Kisha bega likaanza kumtikisika, na Ndeti akafikiri analia, lakini alikuwa anacheka.

"Kikombe?" alisema. "Kikombe kizima?"

"Kizima."

"Mungu wangu. Na mimi nilitia kikombe jioni yake! Ulikuwa umeenda kununua gasketi." Alijifuta macho kwa mkono wa kushoto. "Ile injini ilikuwa imelala sana. Nikasema, labda huyu Mkamba ana maana na kikombe chake. Miaka yote hii. Lakini sikutaka ujue nimekubali, ungenisumbua mpaka kaburini."

"Vikombe viwili," Ndeti alisema.

"Vikombe viwili! Tungeweza kuchoma nyumba!"

Wakacheka. Walicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka bila kujua anachekea nini, mpaka Ndeti akasahau kwa sekunde kadhaa mahali walipokuwa. Halafu kicheko cha Mbuthia kikapungua, kikazima, kama injini iliyoishiwa petroli, na uso wake ukabaki mtupu.

"Kwa hivyo kilikuwa kinasikia," alisema.

"Kilikuwa kinasikia."

"Zile asubuhi zote."

Ndeti aliitikia kwa kichwa.

Mbuthia aligeukia dirisha. Nje, ng'ambo ya paa za hospitali, walikuwa wakijenga ghorofa jingine la benki, na winchi ilikuwa imesimama kwa sababu ya Jumapili.

"Ungeninyamazia, Ndeti," alisema.

Miaka mingi alikuwa hajamwita kwa jina.

Baadaye Mbuthia akanyoosha mkono wa kushoto mpaka kwenye mfuko, akachukua chungwa moja. Alilikandamiza kifuani kwa ile bandeji na kujaribu kulichimba kwa kucha za mkono asiouzoea. Likamponyoka, likabingirika shukani. Ndeti akanyoosha mkono.

"Wacha."

Akaliokota mwenyewe. Safari hii aliling'ata ganda kwa meno, akatema, akang'ata tena, maji yakimtiririka kidevuni na kudondokea shati la hospitali. Ndeti aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akatazama. Kengele ya kuwatoa wageni ilipolia, chungwa lilikuwa limemenyeka nusu.